Alovera imeoza mara mbili, na jani nililompaka mtoto limemzidishia kuwashwa: nakosea wapi?

Swali lilivyokuja: "Habari mtaalamu. Nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, nyumba ya kupanga. Jioni watoto wakicheza nje wanaumwa sana na mbu, yule wa miaka minne ndo anavimba mapele makubwa anajikuna mpaka vidonda. Nikashauriwa nipande alovera. Nimepanda mara mbili kwenye ndoo, zote zimeoza na wakati maji nawapa kila siku asubuhi. Juzi jirani akanipa jani la kwake, nikalikata nikampaka mtoto hapohapo, akalia anawashwa zaidi na pakawa pekundu. Nakosea wapi? Na ile inayoota porini kwenye mawe ni hiihii? Na kuku je, wanaweza kupewa?"

Dada, salama kabisa. Nashukuru umeandika kwa kirefu, maana wengi wananiandikia "alovera inaoza nifanyeje" basi wameishia hapo, sasa mtu unaanzia wapi. Wewe umetaja vitu viwili ambavyo ndo jibu lenyewe: unamwagilia kila siku asubuhi, na jani ukalikata ukapaka hapohapo. Nitavichukua kimoja kimoja, alafu ya porini, kuku tutawagusa mwishoni.

Tuanze na kuoza. Alovera kwao ni rasi ya Uarabuni, kwenye vilima vikavu vya mawe, mvua inapita siku mbili tatu alafu mmea unakaa miezi bila tone, na yale majani manene ndo akiba yake. Mimea mingi inafungua vitundu vya majani mchana, na maji yanapotelea humohumo, lakini alovera inafunga mchana na kufungua usiku kukipoa, kwahiyo jua letu la saa nane halimpi shida sana. Sasa mmea wa namna hiyo unaupa maji kila asubuhi kama mchicha, mizizi inashinda kwenye tope, inakosa hewa, ukungu unaingia, inaanza kuoza kwa chini huku juu bado kijani. Na hapa ndo wengi wanapotea: mmea uliooza mizizi unaonekana kama una kiu. Majani yanalegea, yanakunjamana, mtu anaona maskini huyu hajanywa maji, anamwongezea jagi zima, ndo anammalizia.

Kwahiyo ukiona majani yamelegea usikimbilie jagi. Shika shina pale linapoingia kwenye udongo, libonyeze na kidole gumba. Likiwa gumu na udongo ni mkavu mpaka chini, ni kiu kweli, mpe maji na ndani ya siku chache majani yatajaa tena. Likibonyea, lina rangi ya kahawia na ukinusa linanuka uvundo, hapo ni kuoza, na maji ndo sumu yake. Ikiwa kwa juu bado ni nzima unaweza kuokoa: ing'oe, kata kwa kisu kisafi ukipandisha kuelekea juu mpaka uone nyama safi isiyo na doa, iweke kivulini siku tatu nne kidonda kikauke, alafu ipande kwenye mchanganyiko mkavu na usiipe maji wiki nzima. Lakini hakikisha kimebaki kipande cha shina, maana jani peke yake la alovera halitoi mizizi, litakaa hapo limesimama kama linaota alafu linaoza, na zile video za jani lililochomekwa kwenye ndizi au kwenye yai waachie wenyewe.

Udongo. Huko Nkuhungu na maeneo mengi ya mji tuna ule wa kichanga mwekundu, sio mbaya, ila ukikaa kwenye ndoo na kumwagiliwa unashikana unakuwa kama sakafu. Ukichota ule mweusi wa mbugani unaopasuka kiangazi ndo mbaya zaidi, huo unashika maji wiki nzima. Chukua mchanga wa korongoni, ule mnene mnene, sio ule laini kama unga, changanya na udongo mwekundu nusu kwa nusu, tia changarawe kidogo, na samadi iliyooza vizuri kiasi cha kopo moja kwa ndoo ya lita kumi. Samadi mbichi ya ng'ombe au ya kuku usithubutu, inaunguza mizizi. Kipimo changu ni rahisi tu: lowesha mchanganyiko, kamata ngumi moja ubane, ukifungua mkono unatakiwa umomonyoke wenyewe, ukibaki donge zima ongeza mchanga.

Na ndoo ina matundu? Hujasema, na nahisi haina, maana ndoo nyingi za rangi watu wanapanda hivohivo au wanatoboa katundu kamoja ka msumari kanazibwa na udongo siku ya kwanza. Toboa matano sita, yapite kidole kidogo, pasha moto nondo au msumari mkubwa utoboe kitako. Kama unaweza kupata chungu cha udongo ni bora zaidi kwa sababu kinapumua na kukauka haraka, ila hata dumu la mafuta la lita tano lililokatwa linafaa, wala usiingie gharama. Kitu kimoja tu, ndoo nyeusi iliyokaa juani mchana kutwa inachemsha mizizi, ifunike na kiroba au ipake chokaa kwa nje.

Alafu maji. Dodoma tunapata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 mpaka 600, kwahiyo hesabu yako inafuata msimu na sio saa ya asubuhi. Ule mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, joto na upepo wa vumbi, mpe maji kama mara moja kwa wiki mbili, umwagilie mpaka yatoke chini kwenye matundu, basi umemalizana naye. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inamfanya alale, hakui, mara moja kwa mwezi inamtosha na akikaa zaidi hafi. Mvua zikiwa zimekolea Januari, kama ndoo iko wazi usimpe kabisa, na ikinyesha mfululizo msogeze kibarazani. Ukitaka uhakika chukua kijiti kikavu, cha mshikaki kinafaa, kichomeke mpaka karibu na kitako cha ndoo, kikitoka kimeshikwa na udongo wenye unyevu, rudi ndani kafanye shughuli nyingine.

Maji yenyewe nayo yana neno. Visima vyetu vingi ni maji ya chumvi, unaijua ile sufuria inavyofanya ukoko mweupe, na ukoko huohuo utauona juu ya udongo wa ndoo na kwenye matundu. Alovera inavumilia kuliko mimea mingi lakini ikizidi ncha za majani zinakauka na mmea unadumaa. Mvua ya kwanza ikishasafisha bati, kinga maji ya paa uweke madumu mawili matatu kwa ajili yake, na kama huna basi kila baada ya muda mmwagilie mengi kwa mkupuo mmoja ili chumvi ishuke itoke chini. Maji uliyooshea mchele yakiwa hayana chumvi ruksa. Ya kufulia yenye sabuni ya unga hapana.

Kuna jambo moja linaniudhi nisipolisema, yaani mtu anapanda alovera ya kutuliza mapele ya mbu alafu chini ya ndoo ameweka kisahani cha kukingia maji na kisahani kimejaa. Umewafugia. Kwenye joto letu yai la mbu linakuwa mbu kamili ndani ya kama wiki moja mpaka siku kumi, na yule mwenye mistari meupe miguuni anayeuma mchana, anayeleta dengi, anapenda hasa vyombo vidogo vya namna hiyo karibu na nyumba. Wale wa jioni wanaowasumbua watoto wako wengi wanatoka kwenye maji machafu, makaro yaliyo wazi, vyoo vya shimo, mitaro iliyoziba. Toa visahani, funika madumu, kaangalie karo la hapo mnapopanga kama mfuniko umekaa sawa na mwambie mwenye nyumba. Na kuwa na alovera mlangoni hakumfukuzi mbu hata mmoja, hilo watu wanaliamini sana na si kweli, mmea ule hautoi harufu ya kumkimbiza mdudu.

Sehemu ya kuweka: upande unaopata jua la asubuhi mpaka saa tano sita alafu kivuli. Ukuta wa magharibi huku kwetu unapika, na bati likimulika juu yake ndo kabisa. Ukimtoa mmea kivulini ukamtupa juani siku moja majani yanageuka wekundu wa kahawia, usiogope, sio ugonjwa, ni kama ngozi ya mtu ikiungua jua, mpe kivuli nusu siku atarudi kijani taratibu. Weka juu ya tofali au meza, maana kuku wanachakura mizizi na mbuzi wa majirani huwa wanaonja.

Haya, sasa mtoto kuwashwa.

Jani la alovera lina vitu vitatu, na wewe ulimpaka vyote pamoja. Kuna ganda la kijani. Kuna utomvu wa njano unaopita kwenye mishipa midogo chini tu ya ganda, huo ndo ule uchungu wa kusemwa "chungu kama shubiri", na ndani yake kuna kemikali inaitwa aloini. Alafu katikati kabisa kuna ute mweupe unaopitisha mwanga, karibu asilimia 98 au 99 ni maji, na kilichobaki humo ni sukari ndefu ndefu ambazo ndo zinaufanya uteleze na ushike unyevu kwenye ngozi. Unachokitaka ni huo ute peke yake. Ule wa njano unawasha ngozi, hasa ngozi ya mtoto iliyokwisha kukunwa, na ukikata jani ukaparaza hapohapo, kinachotangulia kutoka ni wa njano. Kwahiyo jani la jirani halikuwa baya lazima, lilikuwa halijachujwa.

Fanya hivi. Chagua jani la nje kabisa la chini, nene, urefu kama wa kiganja chako na kifundo au zaidi, kutoka mmea wa kuanzia mwaka mmoja hivi, usikate ya katikati kwa sababu huko ndo anakokulia. Kata chini karibu na shina kwa kisu kilichooshwa. Lisimamishe kwenye kikombe, upande uliokatwa uangalie chini, liache robo saa au zaidi. Utaona inashuka michirizi ya njano inayogeuka kahawia kadiri inavyokauka, ina harufu kali isiyopendeza, na kikombe cha plastiki kinaweza kubaki na doa kwahiyo usitumie cha chai. Ikiisha kuchuruzika osha jani kwa maji yanayotiririka, kata kingo mbili zenye miba, lilaze, pitisha kisu chini ya ganda la juu kama unavyotoa ngozi ya samaki. Utabaki na mnofu wa ute. Uoshe tena, ukiugeuza geuza kwenye maji, mpaka usione unjano wowote hata pembeni. Ukiulamba na ncha ya ulimi na ukasikia uchungu bado, osha tena.

Na kabla ya kumpaka mtoto, jaribu kidogo kwa ndani ya mkono karibu na kiwiko, uache mpaka kesho yake. Pakivimba au kuwa pekundu basi huyo alovera haimfai, wapo watu wana mzio nayo hata ikiwa safi, na mara nyingine ni walewale wanaosumbuliwa na kitunguu na kitunguu saumu. Usilazimishe.

Hapa lazima niulize pia, una uhakika jani la jirani lilikuwa alovera? Nauliza kwa sababu mji huu umejaa yale maua makubwa ya majani ya kijivu, marefu, yamekaa kwa duara, watu wanayapanda mbele ya geti wanayaita alovera na kumbe ni jamii ya mkonge. Yale yana fuwele ndogo ndogo kama sindano kwenye maji yake, yakigusa ngozi yanawasha mpaka malengelenge, na mtoto angelia vilevile ulivyosema. Kuyatofautisha ni kazi ya dakika moja: mkonge una mwiba mmoja mgumu mweusi kwenye ncha, unachoma kama shazia, na ukilikata jani ukalivuta unakuta nyuzi. Alovera ncha yake laini, miba ya pembeni midogo na haichomi sana, ukikata ndani unakuta ute hakuna nyuzi. Na chochote kinachotoa maziwa meupe, kama manyara ya kwenye uzio, usikisogeze karibu na mtoto kabisa, maziwa yale yakiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja.

Ya porini kwenye mawe sio hiihii, ila ni ndugu. Tanzania tuna shubiri za porini aina nyingi, mbili zinazojulikana sehemu kavu kwa majina ya kitaalamu ni Aloe secundiflora na Aloe lateritia. Maua yao mengi ni mekundu au ya rangi ya machungwa, wakati alovera yenyewe inatoa maua ya njano. Madoa meupe usiyategemee sana kama alama, kwa sababu alovera changa nayo ina madoa na ikikua yanapotea. Za porini kwa kawaida zina ute kidogo na utomvu mwingi mkali, na wazee wamezitumia kwa mambo yao, kumwachishia mtoto ziwa na kadhalika, lakini kwa kupaka mtoto mwenye mapele mimi sikushauri. Na kuzing'oa kiholela si vizuri, shubiri pori zote biashara yake ya nje ya nchi inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama wa porini, alovera peke yake ndo haimo. Ziache kwenye mawe yake, miche ya alovera ipo tele. Hiyo ya kumwachisha mtoto ziwa pia kuweni waangalifu, ule utomvu ni dawa ya kuharisha, kiasi kidogo tu kwa mtoto mdogo kinatosha kumharisha vibaya.

Mche upate wapi. Usinunue mkubwa. Nenda kwa mtu ambaye ndoo yake imejaa, mwombe watoto, alovera inazaa pembeni yenyewe. Chukua mwenye urefu wa kama kiganja na mizizi yake mwenyewe, mtenganishe kwa kisu, usimmwagie maji, mweke kivulini siku mbili tatu ndo umpande, na wiki ya kwanza asionje maji. Anaanza kutoa majani ya kutumika baada ya mwaka au mwaka na nusu, kwahiyo kwa sasa hivi kwa mtoto wako bado unahitaji kitu kingine, tutakitaja. Ukipanda miwili mitatu kwa pamoja hutaumaliza mmoja kwa kuukata kata, usitoe zaidi ya majani mawili matatu kwa mpigo. Ukiona unga mweupe kama pamba kwenye maungio ya majani ni vidung'ata, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni au spiriti, rudia mpaka waishe. Ukiona uvimbe wa ajabu ajabu, majani yanafanya vinundu kama kansa, kata sehemu hiyo uichome moto mbali na mingine, hao ni utitiri na dawa yao ni kuutoa mmea.

Kutumia: osha kwanza palipoumwa kwa maji na sabuni, kausha, paka ute safu nyembamba, uache ukauke, rudia mara tatu kwa siku. Ukiwa umetoka kwenye friji ni raha zaidi, na niseme ukweli wangu hapa, nusu ya ile raha ni ubaridi na unyevu. Utafiti mwingi wa alovera kwenye ngozi umefanyika kwa watu walioungua, kwenye kuumwa na wadudu haujafanyika wa kutosha, kwahiyo mimi naiita kitulizo, inapoza, inapunguza kujikuna, na mtoto asipojikuna hapatakuwa na kidonda cha kuingia uchafu, na faida yake kubwa ni hiyo. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kinafanya kazi inayokaribia, na ile dawa ya kupaka ya rangi ya waridi ya famasi, kalamaini, nayo nzuri na bei rahisi, ndo utumie wakati mmea unakua. Mkate kucha. Kama mapele yanavimba sana kila anapoumwa, zahanati au famasi wanaweza kumpa dawa ya maji ya mzio kwa dozi ya umri wake, na habari nzuri ni kwamba watoto wengi wa namna hiyo wanapungukiwa wakikua, mwili unazoea.

Usipake kwenye kidonda kilicho wazi chenye uchafu au usaha. Usipake karibu na macho wala mdomoni, mtoto atalamba. Na tafadhali usichanganye na ndimu kama wanavyoelekezana, ndimu kwenye ngozi alafu jua la Dodoma inaunguza ngozi na kuacha madoa meusi miezi. Dawa ya meno, mafuta ya taa, magadi, vyote toa.

Kuna wadudu ambao alovera haina kazi kwao kabisa na ni vizuri uwajue maana huku tunao. Yule mwembamba mwekundu na mweusi anayejaa kwenye taa msimu wa mvua, wanamwita nairobi flai, yule haumi, ukimponda ndo maji yake yanaunguza. Mpulize aondoke, ukishamponda osha kwa sabuni na maji mengi haraka, na usijishike machoni. Nge, kwa mtoto mdogo, usikae nyumbani unakwangua jani, mpeleke hospitali. Nyuki wengi, au hata mmoja kama midomo inavimba, anakohoa, anapumua kwa shida, hiyo ni dharura. Kupe mtoe kwa kibanio ukimshika karibu na ngozi, usimmwagie kitu. Na mtoto aliyeumwa na mbu akipata homa, hata kama mapele yametulia vizuri kwa alovera yako, kapime malaria siku hiyohiyo, kipimo cha kidole zahanati kinachukua dakika chache. Chandarua usiku ni lazima, alovera inakuja baada ya kuumwa.

Kuhifadhi kama huna friji: usikate jani zima. Kata kipande cha ncha urefu wa vidole vitatu, kichuje vilevile, tumia, na jani lililobaki kwenye mmea litajiziba lenyewe, litaacha kovu tu. Ukishalitoa jani zima likae kivulini penye ubaridi siku chache. Ukiwa na friji, ute kwenye kikopo safi chenye mfuniko unakaa kama wiki moja, ukiona umebadilika rangi au unanuka uchachu, mwaga. Wenye friza wanaweza kuusaga kidogo na kugandisha kwenye trei ya barafu, unatoa kipande kimoja kimoja, mtoto anapenda kwa sababu kinapoza.

Kunywa hujauliza lakini najua litakuja. Jani zima lililosagwa na ganda lake usinywe wala usimpe mtoto, na mjamzito kabisa asiguse. Sababu ni utomvu ule ule wa njano. Marekani mamlaka ya chakula na dawa mwaka 2002 iliagiza dawa za kuharisha zenye utomvu huo zisiuzwe tena dukani bila cheti, kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha wa usalama wake, na taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiweka dondoo ya jani zima kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kupaka ute uliooshwa ni kitu kingine, hapo usiwe na hofu.

Sasa kuku. Wafugaji wengi hapa wanakatakata alovera wanaweka kwenye maji ya kuku, wanasema inazuia mdondo. Kuku wanaokunywa hayo maji wengine wanapona na wengine wanakufa kama walivyokuwa wanakufa zamani, kwa sababu mdondo unaletwa na kirusi na kirusi hakizuiliwi na jani. Kinachozuia ni chanjo, ipo ile ya matone ya jichoni ya I-2 inayovumilia joto, inafaa sana kwa kuku wa kienyeji, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, ulizia duka la mifugo au kwa afisa mifugo wa kata, mara nyingi majirani mnachangia kichupa kimoja kwa sababu kina dozi nyingi. Alovera ikikatwa kidogo kwenye maji ya kuku wakubwa haiwaui, ila ukizidisha inawaharisha, na maji yakikaa humo mpaka kesho yanachacha, kwahiyo ukitaka kuweka weka asubuhi umwage jioni. Mimi ningekuwa wewe majani yale ningemwachia mtoto.